Kutoka Skuli ya Msingi Kwenda Sekondari: Wajibu Uliohamia kwa Wazazi

Katika Tanzania, na hali kadhalika katika Kenya mpaka mwaka 2023 ulipofanywa kwa mara ya mwisho mtihani wa KCPE ulioanza mwaka 1985, mzazi alijua kwamba mlango wa sekondari hufunguliwa kwa mtihani: mtoto alikesha na vitabu, baba na mama wakamwombea dua na kumtafutia masomo ya ziada, na matokeo yalipotoka ndipo aila nzima ilipojua mtoto anakwenda wapi. Wazazi wengi wa jumuiya yetu wamefika England na ujuzi huo, nao ulikuwa ujuzi mwema kwa nchi walizotoka, lakini hapa hauwafai, maana taklifu iliyokuwa juu ya mtoto imeondolewa mabegani mwake ikawekwa juu ya mzazi, na mzazi asiyeelezwa jambo hili humhimiza mwanawe usiku na mchana kufanya kazi ambayo kwa hakika ni yake yeye mwenyewe. (Nasema England kwa makusudi, kwani Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.)

Anayetaka ushahidi na atazame tarehe. Mitihani ya mwisho wa skuli ya msingi, ile iitwayo SATs, hufanywa mwezi wa Mei katika mwaka wa sita, na alama zake, zinazopimwa baina ya 80 na 120 huku 100 ikiwa ndiyo kiwango kinachotarajiwa, huwafikia wazazi mwezi wa Julai. Ilhali nafasi za sekondari huwa zimekwisha kutangazwa tangu tarehe 1 Machi, au siku ya kazi inayofuata ikiwa tarehe hiyo imeangukia mapumziko. Basi SATs haziwezi kumpa mtoto skuli wala kumnyima, ingawa huenda walimu wa sekondari wakazitumia kumjua mgeni wao na kumpanga katika vikundi vya masomo. Zinazobaki na mtihani wa kuingilia ni hasa skuli za grama, ambazo katika England nzima ni kama 163, nyingi zikiwa katika majimbo machache kama Kent na Buckinghamshire. Na mtihani wao hufanywa aghalabu mwezi wa Septemba, mwanzoni kabisa mwa mwaka wa sita, baada ya mtoto kuandikishwa katika miezi ya kiangazi iliyotangulia, kiasi kwamba mzazi anayeulizia habari zake mwezi wa Oktoba amekwisha chelewa.

Kinachoamua, basi, ni fomu. Fomu hii hupelekwa kwa halmashauri ya mtaa anaokaa mtoto, hata kama skuli inayotakiwa iko chini ya halmashauri nyingine, na siku yake ya mwisho ni tarehe 31 Oktoba. London mzazi anaruhusiwa kutaja skuli hadi 6, na kwingineko hupewa nafasi ya kutaja skuli zisizopungua 3. Hapa pana kosa ambalo limewaumiza wengi wetu, nalo ni la mzazi kuandika jina la skuli moja tu akidhani kwamba kwa kushikilia hilo moja ataishurutisha halmashauri impe. Halmashauri haishurutiki hivyo. Kila skuli hupima maombi kwa masharti yake yaliyotangazwa, mathalan mtoto aliye katika malezi ya serikali, mtoto mwenye ndugu anayesoma pale tayari, umbali wa nyumba, au dini kwa skuli za kidini, wala haiambiwi mzazi ameitaja ya kwanza au ya tano. Na mtoto akistahiki skuli mbili au tatu, hupewa ile iliyo juu zaidi katika orodha ya mzazi wake. Kwa hiyo hapana hasara yoyote katika kuijaza orodha yote, bali iko hasara kubwa katika kuiacha tupu, kwa sababu mtoto aliyekosa zote zilizotajwa hupelekwa popote palipobaki nafasi, pengine safari ya mabasi mawili kutoka maskani yake.

Na kwa kuwa umbali wa nyumba una uzito mkubwa namna hii, wale miongoni mwetu wanaopanga na kuhamahama wawe na tahadhari: halmashauri huweza kudai hati ya upangaji au hati ya kodi ya halmashauri, na anwani isiyothibitishwa huweza kumpotezea mtoto nafasi aliyokwisha kupewa.

Ikiwa jibu la Machi halikuridhisha, sheria inampa mzazi njia mbili zinazoweza kufuatwa kwa pamoja. Ya kwanza ni orodha ya kungojea, ambayo skuli ni lazima iitunze angalau mpaka tarehe 31 Disemba. Ya pili ni rufaa, na ningependa sana watu wetu wasiiogope. Mzazi hupewa muda usiopungua siku 20 za masomo kuiwasilisha, nayo husikilizwa na baraza la watu wasiopungua watatu wasiofungamana na skuli ile, ambao uamuzi wao huifunga skuli. Katika madarasa ya watoto wadogo rufaa hukwama mara nyingi kwa sababu sheria inazuia darasa kuzidi watoto 30, lakini kizuizi hicho hakipo sekondari. Baraza hupima dhara la skuli kumpokea mtoto mmoja zaidi na haja ya mtoto kuwapo pale, na haja hiyo ikielezwa kwa hati na hoja, kwa mfano barua ya daktari, huweza kushinda.

Mtoto akishaingia mwaka wa saba, mambo hugeuka. Aliyekuwa na mwalimu mmoja aliyemjua hata akinuna kwa nini, sasa ana walimu kama kumi, ratiba ambayo pengine ni ya wiki mbili mbili, na kengele ya kumhamisha chumba hata chumba. Aliyekuwa mkubwa wa skuli amekuwa mdogo kupita wote. Mzazi naye hasimami tena langoni, kwani mtoto hupanda basi peke yake (London bure, kwa kadi ya Zip ya miaka 11 hadi 15, ambayo huombwa mapema). Wazazi wengi huuona wakati huu kuwa wa kupumzika, na mimi nauona kuwa wakati wa kukaza. Mzazi na amjue kwa jina mwalimu mlezi wa darasa la mwanawe, na aijue programu ambamo kazi za nyumbani huandikwa, aifungue yeye mwenyewe kila wiki. Tena azungumze na ustadhi wa madrasa, kwa sababu saa za jioni zilizotosha kwa Kurani wakati wa skuli ya msingi sasa zina mshindani. Sioni heri katika kumtoa mtoto madrasa, wala sioni haki katika kumpigia makelele mtoto aliyesinzia juu ya hesabu saa nne ya usiku, bali naona wajibu wa watu wazima kukaa na kupatana muda, hasa katika wiki zile za mwanzo.

Chakula nacho kisisahauliwe. Tangu Septemba 2023 watoto wote wa skuli za msingi za serikali London hula bure mchana bila ya kuuliziwa kipato, na kwa sababu hiyo wazazi wengi hawajapata kujaza fomu yoyote. Sekondari neema hiyo kwa kawaida hukoma, na mwenye kustahiki kwa uchache wa kipato ni lazima aombe. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba kuanzia Septemba 2026 kila aila inayopokea Universal Credit itastahiki.

Limebaki la mkutano wa wazazi na walimu. Mzazi asiyejiamini kwa Kiingereza huja na mwanawe awe mkalimani, na mtoto wa miaka 11 akatwikwa mzigo wa kutafsiri lawama zake mwenyewe, au za mdogo wake, mbele ya mama yake na mbele ya mwalimu; mama hatoki na habari kamili, na mtoto hutoka amevunjiwa heshima au amepewa mamlaka yasiyo yake. Skuli nyingi huweza kutafuta mkalimani zikiarifiwa mapema. Barua ya kumwomba iandikwe mwezi wa Septemba, kabla ya tarehe ya mkutano kutangazwa, na asiyeweza kuiandika amwombe jirani au jamaa wa jumuiya amwandikie, mtu mzima, si mwanafunzi mwenyewe.