Lugha ya nyumbani isifichwe katika shule za Marekani

WAZAZI wanaohamia Marekani hukabidhiwa fomu inayouliza lugha izungumzwayo nyumbani wanapomsajili mtoto shuleni.

Wapo wanaojaza Kiingereza pekee, wakichelea mtoto kurudishwa madarasa ya chini. Hata hivyo, kutaja Kiswahili humfanya mtoto apimwe tu uwezo wake wa kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika Kiingereza.

Akipatikana na upungufu, hupewa mafunzo ya ziada ya lugha hiyo huku akiendelea na masomo mengine. Hupimwa tena kila mwaka, na akishaimudu, shule humfuatilia kwa angalau miaka miwili.

Chimbuko la haki hii ni kesi ya wanafunzi wa asili ya Kichina jijini San Francisco. Mwaka wa 1974, Mahakama ya Juu iliamua kwamba vitabu na walimu sawa si usawa iwapo mtoto haelewi lugha ya kufundishia.

Mzazi anaweza kukataa mafunzo hayo, lakini si mtihani wa kila mwaka. Anayeificha lugha ya nyumbani humponza mwanawe, kwani ugeni wa lugha waweza kudhaniwa kuwa uzito wa akili.