Mtoto akikamatwa Texas: Jinsi ya kumtafuta kwenye rekodi za jela

Kijana aliyezoea kupiga simu nyumbani kila Jumapili hajapiga. Ujumbe aliotumiwa WhatsApp una tiki moja tangu Ijumaa. Mwenzake wanayepanga naye nyumba huko Houston anasema hajarudi, kisha mtu mwingine anaandika kwa kifupi: "Nasikia amechukuliwa na polisi."

Kwa mzazi aliyeko Tanga, Mwanza au Mombasa, taarifa kama hiyo huanzisha usiku mrefu. Hapa nyumbani angevaa viatu na kuzunguka vituo vya polisi hadi ampate mtoto. Texas hawezi kufika kwa miguu, lakini kuna jambo ambalo wazazi wengi wenye watoto huko hawalijui: katika jimbo hilo taarifa za msingi za mtu mzima aliyekamatwa ni za umma. Kaunti nyingi huziweka mtandaoni, na yeyote mwenye simu anaweza kuzisoma bila malipo, hata akiwa nje ya Marekani.

Kuzipata mapema ni suala la afya pia. Mwenye selimundu, kisukari, pumu, kifafa au sonona aliyeingia mahabusu bila dawa zake hawezi kusubiri wiki nzima ndugu wajue alipo.

Tafuta kaunti kwanza

Texas ina kaunti 254. Kila moja ina sherifu, ofisa wa usalama anayechaguliwa na wananchi kwa miaka minne, na kwa kawaida ofisi yake ndiyo inayoendesha jela ya kaunti. Kwa hiyo rekodi haitafutwi kwa jina la jiji, bali kwenye tovuti ya ofisi ya sherifu wa kaunti husika.

Sehemu kubwa ya Houston iko Kaunti ya Harris. Fort Worth ni Tarrant, Austin ni Travis, San Antonio ni Bexar, na Dallas iko zaidi kwenye kaunti yenye jina hilohilo. Hata hivyo, majiji haya huvuka mipaka. Houston, kwa mfano, inaingia pia Fort Bend na Montgomery. Swali la kumuuliza rafiki wa mtoto ni alikamatiwa wapi, kwa sababu huenda si kaunti anayoishi.

Ukiingiza maneno hayo kwenye mtandao, mara nyingi tovuti za biashara ndizo zinazotangulia. Zinaomba malipo, na nyingine huonyesha picha za zamani. Chagua tovuti ya kaunti yenyewe au ya sherifu, kisha tafuta sehemu ya orodha ya waliomo jelani.

Andika jina kama lilivyo kwenye pasipoti, ukianza na jina la ukoo. Likikosekana, badilisha mpangilio, maana kijana mwenye majina matatu anaweza kusajiliwa kwa la babu, la baba au yote mawili yakiwa yameunganishwa. Jaribu pia tahajia tofauti. Tarehe ya kuzaliwa husaidia kutofautisha watu wenye majina yanayofanana, ingawa wakimbizi wengi, wakiwamo wa kutoka Congo, waliandikishwa kuwa walizaliwa Januari 1 kwa kukosa vyeti. Kwao, angalia vizuri na mwaka.

Jina lisipoonekana

Usikate tamaa kwa kutafuta mara moja. Kuchukuliwa alama za vidole, kupigwa picha na kuulizwa maswali huchukua saa kadhaa kabla jina halijaingia kwenye mfumo. Katika miji mingine, mtu huanzia mahabusu ya jiji kabla ya kupelekwa jela ya kaunti. Rudia baada ya saa chache, kisha piga simu jelani. Jela hufanya kazi usiku na mchana, ila ofisi nyingine hufuata saa za kazi: saa mbili asubuhi ya Houston ni saa kumi jioni ya Dar es Salaam wakati wa kiangazi cha Marekani, na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi.

Inawezekana pia yuko mikononi mwa idara ya uhamiaji, ICE. Hiyo ina mfumo wake wa kutafuta mtu kwa namba yake ya uhamiaji na nchi aliyozaliwa, au kwa jina kamili na nchi hiyo. Waliokwisha kuhukumiwa na kupelekwa magereza ya jimbo wako kwenye orodha nyingine kabisa. Na usisahau kuuliza hospitali.

Umri nao una maana. Kumbukumbu za watoto hulindwa kwa siri, lakini sheria ya jinai ya Texas humhesabu mwenye miaka 17 kuwa mtu mzima. Mwanafunzi wa sekondari wa umri huo anaweza kulala jela ya watu wazima na jina lake likaonekana mtandaoni.

Namna ya kuisoma rekodi

Rekodi ikipatikana, kwa kawaida huonyesha namba ya usajili jelani, tarehe aliyoingia, chombo kilichomkamata, tuhuma, kiasi cha dhamana na wakati mwingine mahakama itakayosikiliza shauri. Nakili namba ya usajili kabla ya kitu kingine, maana kila ofisi utakayopigia itaiuliza.

Tuhuma hugawanyika makundi mawili. Makosa madogo yana madaraja A, B na C. Daraja C adhabu yake ni faini tu, isiyozidi dola 500, B hufika siku 180 jela na A hufika mwaka mmoja. Makosa makubwa yana adhabu nzito zaidi, hadi kifungo cha maisha na hata kifo.

Kitu kimoja rekodi hiyo haisemi ni kama mtoto ana hatia. Inaeleza polisi walimtuhumu kwa nini na wamemweka wapi, basi. Shauri linaweza kufutwa kesho yake na ukurasa ukaendelea kuonekana. Ndiyo maana si busara kuituma picha yake kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ikishasambaa, haitarudi hata mahakama ikimwachia huru.

Saa 48 za kwanza

Tanzania na Kenya sheria inataka mtuhumiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Texas, aliyekamatwa anapaswa kupelekwa mbele ya hakimu bila kuchelewa, na isizidi saa 48. Hakimu humweleza tuhuma na haki zake, ikiwamo ya kuomba wakili wa serikali kama hana uwezo, kisha hupanga dhamana.

Dhamana inaweza kulipwa yote taslimu kwa mamlaka, ikarudishwa shauri likiisha endapo mtuhumiwa atahudhuria mahakamani kila alipotakiwa. Njia nyingine ni kampuni ya dhamana, ambayo mara nyingi hutoza karibu asilimia 10, na fedha hiyo hairudi. Kabla ya kuchangisha ndugu, angalia kama rekodi inaonyesha pia zuio la uhamiaji. Likiwapo, mtoto anaweza kutoka jela ya kaunti na kuingia moja kwa moja mikononi mwa ICE. Hapo zungumza na wakili kwanza, pesa baadaye.

Wazazi wengine humshauri mtoto akubali kosa ili yaishe. Kwa asiye raia ushauri huo ni wa hatari, kwani kukiri hata kosa linaloonekana dogo kunaweza kumfukuzisha nchini. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kuwa wakili wa mtuhumiwa ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo. Na mtoto akipiga simu kutoka jelani, muulize afya yake, mpe moyo, lakini msijadili kilichotokea. Simu hizo hurekodiwa.

Raia wa Tanzania ana jambo la ziada. Nchi hii imo kwenye orodha ya zile ambazo Marekani inapaswa kuujulisha ubalozi raia wake anapokamatwa, atake asitake. Kenya haimo, hivyo Mkenya lazima aombe mwenyewe. Kwa vyovyote, mzazi anaweza kuupigia ubalozi wake Washington bila kusubiri.

Dawa zake zitamfikiaje?

Haki ya mfungwa kutibiwa Marekani ilipata nguvu kutokana na kesi iliyoanzia Texas. Mwaka 1976, katika shauri la Estelle dhidi ya Gamble, Mahakama ya Juu ilisema kupuuza kwa makusudi ugonjwa mkubwa wa mfungwa ni kuvunja katiba.

Lakini wauguzi hawawezi kutibu wasichokijua. Kijana mwenye hofu anaweza kuficha kuwa anatumia ARV au dawa za sonona. Mzazi apige simu, aombe kitengo cha afya cha jela, ataje namba ya usajili, ugonjwa, dawa, kipimo na duka la dawa au kliniki anakotibiwa huko Marekani, kwa kuwa jela hupenda kuthibitisha kabla ya kutoa. Muuguzi anaweza kukataa kukueleza hali ya mtoto kwa sababu za usiri. Hilo halimzuii kupokea unachomwambia. Andika jina la uliyeongea naye na saa. Ukipuuzwa, malalamiko hupelekwa Tume ya Viwango vya Jela ya Texas, inayosimamia jela za kaunti.

Uzito wa hili ulionekana Julai 2015. Sandra Bland, mwenye miaka 28, alisimamishwa barabarani Kaunti ya Waller, jirani na Houston, kwa kubadili njia bila kuwasha taa ya ishara, na mabishano yakaishia kwa kukamatwa. Dhamana ilikuwa dola 5,000, na dola 500 zingetosha kumtoa. Siku tatu baadaye alikutwa amekufa selo, na uchunguzi wa kitabibu ukasema alijiua. Fomu za kumpokea zilikuwa zimegusia kuwa aliwahi kujaribu kujiua.

Mwaka 2017 jimbo lilipitisha sheria yenye jina lake. Mfungwa sasa anapaswa kuweza kumfikia mtaalamu wa afya ya akili saa zote, ana kwa ana au kwa njia ya mtandao. Sherifu akipata taarifa za kuaminika kuwa mtu aliye jelani ana ugonjwa wa akili, anapaswa kumjulisha hakimu ndani ya saa 12. Taarifa hiyo inaweza kutoka kwa mzazi.

Kabla ya kutuma pesa

Rekodi hizi huwafaa pia matapeli. Mtu hupiga simu akijiita polisi au wakili, anataja jina la mtoto na kudai dhamana kwa kadi za zawadi au sarafu za kidijitali. Siku hizi hata sauti ya mtoto akilia inaweza kutengenezwa kwa akili mnemba. Kata simu, fungua tovuti ya sherifu, hakikisha jina na kiasi, kisha upigie jela kwa namba iliyo kwenye tovuti hiyo.

Shauri likifutwa au mtoto akishinda, wakili anaweza kuiomba mahakama ifute rekodi ya kukamatwa, pale sheria inaporuhusu. Haifutiki yenyewe, na mwajiri anaweza kuikuta miaka mingi baadaye. Ni ombi linalostahili gharama yake.

Walio na watoto Texas wanaweza kujiandaa leo kwa dakika kumi. Kwenye karatasi moja andika majina yake kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, namba ya uhamiaji, kaunti anayoishi na anayofanyia kazi, ugonjwa na dawa zake, na namba ya mtu mmoja wa karibu naye. Naye mtoto akariri namba ya nyumbani, kwa sababu akiingia jelani simu yake itachukuliwa na namba zote zilizomo.