Akili unde ikiona maji, inasema unaogelea

Simama kando ya kidimbwi cha kuogelea, mikono mfukoni, ujirekodi sekunde 10. Programu ya kutambua vitendo kwenye video inaweza kusema unaogelea. Zii, haijalewa. Imekariri maji.

Programu hizi hufunzwa kwa video nyingi za YouTube. Kinetics, hazina iliyotolewa na DeepMind mwaka 2017, ilikuwa na vitendo 400, kila kimoja klipu zisizopungua 400. Kama karibu kila klipu ya kuogelea ina maji, mashine itahangaika na mikono ya nini? Ni kama yule msee wa kukariri majibu ya mtihani wa mwaka jana.

Mnamo 2014, Karen Simonyan na Andrew Zisserman wa Oxford walitumia mitandao miwili ya neva: mmoja utazame picha, wa pili ufuate mwendo tu, yaani kila nukta imesonga wapi kutoka fremu moja hadi nyingine. Ilisaidia, ila mandhari bado hudanganya.

Sasa fikiria kamera za mtaani zikiwekewa programu kama hii. Kijana anayekimbilia matatu ya mwisho Tom Mboya usiku, itamwita abiria au mwizi? Anayeinunua aulizwe kwanza: ilifunzwa kwa video za wapi?