Mnunuzi wa Ng'ambo Akitaka Bei ya Chini: Fanyeni Hesabu Kwanza

Maparachichi ya Kenya huuzwa Ulaya na katika nchi za Ghuba, na mwaka wa 2022 China nayo ilianza kuyapokea yakiwa mabichi. Kwa hiyo vyama vya ushirika hupata barua kutoka kwa wanunuzi wageni. Mmoja husema: "Nataka mzigo mara moja tu, na bei yangu ni hii." Mara nyingi bei hiyo ni ya chini kuliko ya mnunuzi wa kila siku. Katika halmashauri wengine husema tuuze, wengine husema tunadharauliwa. Jambo hili haliamuliwi kwa hasira wala kwa tamaa. Huamuliwa kwa kalamu na karatasi.

Tuseme chama kina ghala la kufungashia matunda liwezalo kufunga katoni 6,000 kwa juma, kila katoni kilo 4. Mnunuzi wa kawaida huchukua katoni 4,000 kwa Sh. 560 kila moja. Gharama za katoni moja ni hizi:

Matunda ya mkulima (kilo 4 kwa Sh. 70): Sh. 280
Katoni na karatasi za alama: Sh. 90
Vibarua wa kuchagua na kufunga: Sh. 30
Gari mpaka Mombasa na hati: Sh. 60
Fungu la gharama za kudumu: Sh. 40
Jumla: Sh. 500

Mgeni anataka katoni 2,000 kwa Sh. 485. Karani asiye mwangalifu atasema tutapoteza Sh. 15 kwa kila katoni, yaani Sh. 30,000. Je, ni kweli?

Tazameni zile Sh. 40. Hizo ni kodi ya ghala, mlinzi, mshahara wa meneja na deni la benki, jumla Sh. 160,000 kwa juma, zikigawanywa kwa katoni 4,000. Fedha hizo zitalipwa hata mgeni asipokuja. Hazikuletwa na agizo lake, basi zisihesabiwe juu yake. Gharama zilizoletwa na agizo ni Sh. 460. Ongezeni Sh. 8 kwa alama yake mwenyewe juu ya katoni, na Sh. 14,000 za kupima na kupeleka mifano ya matunda. Jumla ni Sh. 950,000. Yeye atalipa Sh. 970,000. Chama kitabaki na Sh. 20,000.

Wala si hizo tu. Ikiwa matunda hayo yangeuzwa kwa dalali kwa Sh. 50 kwa kilo, wanachama watapata Sh. 20 zaidi kwa kila kilo. Kwa kilo 8,000 hiyo ni Sh. 160,000 mikononi mwa wakulima. Chama kikikataa kwa sababu ya hesabu mbovu, hasara ni ya mwenye shamba.

Lakini angalieni mambo haya.

Kwanza, je, nafasi ipo? Mgeni akitaka katoni 3,000, itabidi kumnyima mnunuzi wa kawaida katoni 1,000. Kila moja humwachia chama Sh. 100 juu ya gharama zake, basi Sh. 100,000 zitapotea. Agizo lenyewe litaleta Sh. 37,000 tu. Hapo kataeni, au mpeni zile 2,000 peke yake.

Pili, mnunuzi wa kawaida atasikia. Naye akidai Sh. 485, kila katoni itaacha Sh. 25, yaani Sh. 100,000 kwa juma, na gharama za kudumu ni Sh. 160,000. Chama kitakufa polepole. Bei ya namna hii ni ya mara moja, kwa soko lingine, wakati ghala lina nafasi. Haiwezi kuwa bei ya kila mtu.

Tatu, faida ni nyembamba. Katoni 42 tu zikikataliwa, zile Sh. 20,000 zimekwisha. Msichume tunda lisilokomaa ili kutimiza hesabu. Katika miaka ya karibuni serikali imefunga msimu wa kusafirisha maparachichi kwa meli kwa sababu hiyo hiyo, na agizo la wakati huo halipokelewi hata likiwa na bei nzuri.

Nne, andikeni wazi ni nani atabeba hatari ya safari. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi ziliacha Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulio, zikazunguka kusini mwa Afrika. Tunda halingoji. Afadhali bei iwe ya matunda yakiisha kupakiwa melini Mombasa, na sehemu ya malipo ifike benki kabla ya kuchuma. Bei ikiwa ya dola, pigeni hesabu pia kwa kiwango cha chini kuliko cha leo.

Basi halmashauri ikikutana juu ya agizo la namna hii, iulize maswali matatu: Agizo litaleta fedha ngapi? Litaleta gharama zipi ambazo hazikuwako? Litatunyima nini? Majibu yaandikwe daftarini na kusomwa mbele ya wanachama. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.