Dhamana ya Robert Morris

Niwaulizapo wanafunzi wangu maana ya neno "dhamana", baadhi yao hutaja rehani na fedha. Wengine hutaja madaraka aliyokabidhiwa mtu. Wote husibu. Maana hizo mbili zilikutana katika maisha ya Robert Morris.

Morris alizaliwa Liverpool, Uingereza, mwaka wa 1734, akahamia Amerika angali kijana. Huko Philadelphia alipata ukwasi kwa biashara ya meli, ikiwemo ile ya kuuza watumwa. Mwaka wa 1776 alitia sahihi Tangazo la Uhuru. Mwaka wa 1781, vita vikiendelea na hazina ikiwa tupu, alikabidhiwa usimamizi wa fedha za nchi. Alitoa hati za ahadi ya kulipa, nazo zikapokelewa kwa kuwa zilibeba sahihi yake. Watu walimwamini tajiri kuliko serikali!

Baadaye alikuwa seneta, 1789 hadi 1795. Hata hivyo, tamaa ilimponza: alinunua mamilioni ya ekari kwa mikopo asiyoweza kuilipa. Mwaka wa 1798 alifungwa kwa madeni, akaachiliwa 1801. Alifariki 1806.

Je, msomaji, angefilisika mwaka wa 1782, nchi ingesalimika? Sisemi wafanyabiashara wasishike nyadhifa. Nasema taifa linaloegemea mfuko wa mtu mmoja limejiweka rehani kwake. Dhamana ya umma mahali pake ni katika sheria na taasisi, si katika sahihi ya mkwasi, hata awe mzalendo namna gani.