Je, Wajua? Rangi ya Mwani Huzalisha Umeme

Je, wajua kwamba rangi ya mwani mwekundu inaweza kuzalisha umeme? Rangi hiyo huitwa fikoerithrini. Maji ya bahari humeza upesi mwanga mwekundu wa jua, lakini mwanga wa kijani na wa buluu hupenya chini zaidi. Fikoerithrini huunasa mwanga huo na kuipatia klorofili nishati yake, nao mwani hujitengenezea chakula.

Je, wajua kwamba mwaka 1991 Brian O'Regan na Michael Grätzel, wa Lausanne, Uswisi, walitangaza seli ya sola inayotumia rangi vivyo hivyo kunasa mwanga? Rangi hupakwa juu ya chembe ndogo mno za dioksidi ya titani, kemikali inayotiwa pia katika rangi nyeupe ya kuta. Ikipigwa na mwanga, rangi hutoa elektroni zinazopita kwenye waya kama umeme. Kisha mmumunyo wenye iodini huirudishia elektroni ilizopoteza.

Rangi yao ilikuwa na rutheni, metali adimu na ghali. Ndiyo maana watafiti wanajaribu rangi asilia, zikiwemo za mwani mwekundu. Kikwazo ni kwamba rangi hizi hufifia upesi, na umeme wake bado ni mdogo kuliko wa paneli za silikoni.

Je, wajua kwamba spinosamu na kotonii, mwani unaolimwa Zanzibar, ni wa kundi hilohilo la mwani mwekundu, hata unapoonekana wa kijani au kahawia? Wanasayansi chipukizi wa pwani, malighafi ya utafiti mnayo, ichunguzeni.