Mnyama akihamia nyumba mpya: Funzo la hirola wa Garissa

KILA familia iliyowahi kuhama nyumba mjini inajua taabu ya kuhama na wanyama. Paka hutoroka usiku akarudi kwenye mtaa wa zamani. Kuku aliyekuwa akitaga kila siku hufunga kizazi kwa majuma mawili. Samaki wa watoto, waliosafiri salama ndani ya mfuko wa plastiki, huelea tumbo juu siku ya tatu au ya nne, na hapo watoto hulia na wazazi hushindwa kueleza. Kwani maji si yaleyale? Chakula si kilekile?

Jibu la swali hilo limetafutwa kwa muda mrefu na kwa gharama kubwa huko Garissa, Kaskazini Mashariki mwa Kenya. Mnyama aliyehamishwa huko hafugwi sebuleni. Ni hirola, swala wa rangi ya kahawia hafifu ambaye makao yake ya asili ni nyika za Garissa mashariki ya Mto Tana, pamoja na sehemu jirani za Somalia. Katika muda wa karibu miaka 50 hirola amehamishwa mara tatu. Mara mbili alipelekwa mbali na kwao, na mara moja alihamishwa papo hapo nyumbani. Matokeo hayakufanana hata kidogo, na kila mwenye mnyama nyumbani, awe sungura au samaki, ana la kujifunza hapo.

Hirola ni nani?

Kwa umbo hirola hukaribiana na kongoni, ila ana pembe zilizopinda kama kinubi na mstari mweupe unaounganisha macho yake, mfano wa miwani. Chini ya kila jicho ana tezi kubwa nyeusi, na kwa sababu hiyo watu wengine humwita swala wa macho manne. Hula nyasi fupi, na huweza kukaa muda mrefu bila kunywa maji.

Wanasayansi walimtambua rasmi mwaka 1889, baada ya mwindaji Mwingereza, H.C.V. Hunter, kumpata karibu na Tana mwaka mmoja kabla. Wenyeji, bila shaka, walikuwa wakimjua tangu zamani. Katika ukoo wake wa kisayansi, Beatragus, hirola amebaki peke yake. Jamaa zake wote wamekwisha kutoweka. Akipotea yeye, ukoo mzima utakuwa umefungwa.

Katika miaka ya 1970 hirola walihesabiwa kwa maelfu, zaidi ya 10,000. Serikali iliwatengea Hifadhi ya Arawale, kusini mwa mji wa Garissa. Kisha, kati ya mwaka 1983 na 1985, ukaja ukame pamoja na ugonjwa wa sotoka, uleule uliokuwa ukimaliza ng'ombe wa wafugaji. Wengi mno walikufa. Sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 2011, lakini hirola hawajarudi walivyokuwa. Leo wanakadiriwa kuwa hawafiki 500.

Safari ya kwanza na ya pili

Mwaka 1963 Idara ya Wanyamapori ya wakati huo ilichukua kikundi cha hirola na kukipeleka Mbuga ya Tsavo Mashariki. Wazo lilikuwa jema: mayai yote yasiwekwe kapu moja. Lakini watafiti waliochunguza habari hizo baadaye walikadiria kuwa waliosalimika na kuanzisha kizazi Tsavo hawakufika 20. Hao wachache ndio waliozaana polepole. Ilipofika mwishoni mwa mwaka 1995, miaka zaidi ya 30 baadaye, walihesabiwa 76.

Mwaka 1996 Shirika la Kuhudumia Wanyamapori, KWS, liliamua kuwaongezea hao wa Tsavo wenzao kutoka Garissa. Hirola 35 walikamatwa. Sita walikufa kutokana na taabu za kukamatwa, na 29 wakaachiliwa Tsavo.

Hebu mwanafunzi achukue kalamu. Walikuwako 76, wakaja 29, jumla 105. Miaka minne baadaye, Desemba 2000, walihesabiwa 77. Hesabu ya mwaka 2011 ilikuta 76. Ni kana kwamba wale wageni hawakufika kabisa.

Nini kiliwapata? Wahenga walisema mgeni kuku mweupe, yaani hajifichi. Simba wa Tsavo ni wengi. Mnyama asiyejua kichaka kipi kina adui, wala mahali pa kukimbilia, huonekana upesi. Nyasi za huko si zile alizozaliwa nazo, na miaka ya ukame mwenye kujua malisho ndiye hupona. Kisha mbuga ni kubwa mno kwa wanyama wachache: wakitawanyika, dume hakutani na jike, na ndama hawapatikani.

Wenyeji waenda mahakamani

Huko Garissa nako mambo hayakuwa matulivu. Wakazi walipoona swala wao wakipakiwa, walipinga. Kwao hirola hakuwa mali ya kubebwa na mgeni. Ameishi na mifugo yao tangu enzi za mababu, na wao walimwona kuwa sehemu ya urithi wa ardhi hiyo. Mwaka huohuo wa 1996 baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu, Nairobi, kutaka KWS izuiwe.

Mahakama ilikubaliana nao. Ilisema kazi ambayo sheria imelipa shirika hilo ni kuhifadhi wanyama katika hali yao ya asili, na kwamba kuwaondoa hirola mahali pao pa asili hakukuwa ndani ya mamlaka hayo. Uhamisho ukasimama. Wengine walinung'unika kwamba wafugaji wamezuia wokovu wa mnyama anayekwisha. Lakini ukitazama hesabu ya Tsavo ya mwaka 2000, utajiuliza ni nani hasa aliyekuwa na busara siku ile.

Safari ya tatu

Baadaye wenyeji wenyewe walichukua hatua. Katika eneo la Ijara, karibu na Masalani, wanajamii walianzisha hifadhi yao iitwayo Ishaqbini, wakisaidiwa na Northern Rangelands Trust na KWS. Walinzi ni vijana wa hapohapo. Baada ya ukame mkali wa mwaka 2011, ilionekana dhahiri kwamba bila hatua ya haraka hirola wataisha.

Basi ulijengwa ua madhubuti ndani ya hifadhi hiyo, ukizunguka zaidi ya kilomita 20 za mraba, ili kuzuia simba, fisi na wanyama wengine wala nyama. Mwaka 2012 hirola 48 waliingizwa humo. Safari hii hawakuvuka mto wala kupanda lori kwenda mkoa mwingine. Nyasi zilikuwa zilezile, jua lilelile, na hata kupe walikuwa walewale. Kilichoondolewa ni adui tu. Katika miaka michache idadi yao ilikaribia kuongezeka maradufu.

Kazi haijaisha hapo, kwa kuwa mnyama hawezi kukaa ndani ya ua milele. Nje ya ua nyika imebadilika. Mtafiti Abdullahi Hussein Ali, mzaliwa wa Garissa na mwanzilishi wa Mradi wa Kuhifadhi Hirola, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba miti na vichaka vimemeza sehemu kubwa ya mbuga za nyasi. Tembo, waliokuwa wakiangusha miti hiyo, walimalizwa na majangili, na malisho mengi ya mifugo yamezidi kuzipunguza nyasi. Ndiyo maana siku hizi juhudi zinaelekezwa pia katika kung'oa vichaka na kupanda nyasi. Nyumba hutengenezwa kwanza, ndipo mwenyewe arudi.

Kinachoua ni hofu

Msomaji atauliza: wale sita wa mwaka 1996 walikufaje bila kuraruliwa na simba? Madaktari wa mifugo wanaujua vizuri ugonjwa unaowapata wanyama waliokimbizwa na kushikwa kwa nguvu. Mnyama anapokimbia kwa hofu, misuli hufanya kazi kupita kiasi, joto la mwili hupanda, na asidi hujaa. Misuli huanza kuharibika, na taka zake huingia kwenye damu na kuziba figo. Moyo nao huchoka. Mnyama anaweza kufa papo hapo, au akaonekana mzima na kufa siku kadhaa baadaye, wakati kila mtu amekwisha kupongezana.

Kwa hiyo waliobobea katika kazi hii huifanya asubuhi mapema kabla ya joto. Hawamkimbizi mnyama kwa muda mrefu. Humfunika macho, huzuia kelele, humpa dawa ya kumtuliza, na humsafirisha ndani ya kizimba chenye giza na hewa ya kutosha. Akifika haachiliwi tu ovyo. Hufuatiliwa kwa majuma na miezi.

Tuje sasa nyumbani

Kanuni hizo hazibadiliki hata mnyama akiwa mdogo wa kuenea kiganjani.

Samaki wa kioo. Tangi jipya linalong'aa ni hatari kuliko la zamani. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Katika tangi lililozoeleka kuna bakteria wema wanaoibadilisha amonia hiyo hadi ikapungua ukali. Tangi jipya halina bakteria hao, na huchukua majuma manne hadi sita kujengeka. Hii ndiyo siri ya samaki wanaokufa baada ya siku chache. Hamisha mawe na sponji ya chujio kutoka tangi la zamani bila kuvisugua kwa sabuni, lisha kidogo, na badilisha sehemu ndogo ya maji mara kwa mara. Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima kabla ya kuyatumia. Mfuko wenye samaki uelee kwanza juu ya maji mapya kwa dakika 15 au 20 ili joto lilingane.

Aksolotli. Huyu ni mnyama wa majini kutoka Mexico, mwenye matamvua yanayoning'inia nje ya kichwa, na vijana wengi wanamtamani kwa sababu ya picha zake. Yeye hupenda maji ya baridi, nyuzi 16 hadi 18. Yakizidi 24 huanza kuugua. Garissa, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35, au hata Mombasa, kumfuga bila mashine ya kupoza maji ni kumtesa. Mpende kwenye picha.

Paka. Mfungie chumba kimoja pamoja na blanketi lake la zamani lisilofuliwa. Harufu yake mwenyewe ndiyo humwambia kwamba hapa ni kwake. Asitoke nje kwa majuma mawili hivi.

Kuku. Wafungie bandani siku chache ili wajue pa kulala. Ukinunua wageni, watenge kwa majuma mawili kabla ya kuwachanganya na wenyeji, maana mgeni anaweza kuleta maradhi yasiyoonekana.

Mbuzi. Wengi hununuliwa soko la mifugo la Garissa na kusafirishwa Nairobi kwa lori, usiku, kwenye upepo na baridi. Homa ya mapafu huwapata baada ya kufika. Mpe mahali pakavu pasipo na upepo, maji, na nyasi kavu kwanza. Mnyama wa nyika akipewa mahindi mengi siku ya kwanza huvimba tumbo, na anaweza kufa.

Na yule wa porini

Liko jambo moja la kuonya. Mara nyingi watoto, na hata watu wazima wasafirio njia za Kaskazini Mashariki, huokota kobe au ndama wa dikidiki na kumpeleka nyumbani kwa huruma. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 hairuhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali. Tena mara nyingi ndama huyo hakuachwa: mamake amemficha kichakani na yuko karibu anakula. Mwache, na ukimwona amejeruhiwa, wajulishe askari wa KWS walio karibu nawe.

Hata hao wenye helikopta, madaktari na dawa za kutuliza walipoteza sita kati ya 35. Mtoto mwenye sanduku la katoni atafanikiwaje?

Kwa hiyo, mzazi, kabla ya kuagiza lori la kuhamia mtaa mpya, jiulize maswali ambayo watu wa Ijara walijibu kabla ya kuwaingiza hirola wao ndani ya ua. Mahali papya pana chakula alichozoea? Pana adui gani? Mnyama atakwenda na wenzake au peke yake? Na nani atamtazama wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu? Kama hakuna wa kujibu swali hilo la mwisho, heri mnyama akabaki kwa jirani hadi nyumba iwe tayari.